Tupeane uzoefu: muda wako na Mungu kila siku unaupataje?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauza vitenge Owino, Kampala. Kwa karibu miaka miwili maombi yangu yalikuwa ya ndani ya teksi, Kireka hadi mjini, konda akiita abiria. Jumapili sikosi, kwaya naimba, ila Biblia nyumbani ilishika vumbi juu ya kabati. Mama alipolazwa nikataka kumwombea, maneno yakagoma. Nilikaa kando ya kitanda nikisema "Bwana saidia", basi. Niliumia sana.

Sasa naamka saa kumi na moja alfajiri. Simu nimeihamishia mbali na kitanda, maana nilikuwa nikiishika kutazama saa tu, nakuta ujumbe wa mteja, nusu saa imekwenda. Nimenunua saa ya kengele. Marko 1:35 inasema Yesu alitoka alfajiri akaenda mahali pasipo na watu. Sisi tuko watano chumba kimoja, kwa hiyo mahali pangu ni nje kwenye sigiri. Nawasha mkaa, nasoma zaburi moja, naombea watu kwa majina, hata anayenidai. Maji yakichemka nimemaliza. Nyinyi je?

Dereva wa Malaba: Amina dada. Mimi naendesha lori, Mombasa–Kampala, alfajiri yangu haina uhakika. Nimeacha kufuata saa, nafuata injini. Nikiizima kwenye foleni ya mpakani, kabla sijashuka kutafuta chai, nafungua Agano Jipya. Danieli alikuwa na kazi kubwa serikalini na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Hapo nilikosa la kujitetea.

Mzee wa Mukono: Wanangu, sisi tumelelewa na walokole. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Bishop Tucker hapa Mukono, na moja ya mambo yaliyogombaniwa ni ile mikutano yao ya alfajiri ya kuomba na kuhubiri. Walikatazwa, hawakuacha. Sisi leo hatukatazwi na mtu. Baba alituamsha kabla ya jogoo, tukisinzia anatupa mstari tusome kwa zamu. Wakati ule nilichukia, lakini mistari ile ndiyo ninayoisema sasa macho yamekuwa mazito.

Mama Mapacha, Nakivale: Mzee shikamoo. Samahani, kwangu hiyo ya alfajiri imeshindikana. Mapacha wana miezi minne. Nikifungua Biblia nalala, kisha nashinda nikijihukumu kwamba nimemwacha Mungu, wakati ndiye aliyetuvusha kutoka Kongo.

Mwenye vitenge: Mama Mapacha, usijihukumu. Unanyonyesha saa ngapi usiku?

Mama Mapacha: Saa nane, na saa kumi tena.

Mzee wa Mukono: Marahaba mwanangu. Basi ile ya saa nane mpe Bwana. Mstari mmoja tu, uushike kichwani mchana, usiku umwambie yeye huku watoto wananyonya. Anza na Zaburi 121, "nitayainua macho yangu niitazame milima". Nami huamka saa hizo kwa ajili ya miguu yangu, nitakuwa nakuombea.

Mama Mapacha: Asante baba. Naanza leo.

Dereva wa Malaba: Na mimi naiandika hiyo 121 kwenye dashibodi. Wengine endeleeni kusimulia, foleni ni ndefu.