Supachaja kwenye Land Cruiser ya petroli: haki ya mwenye gari au hatari kwa wote?

Mwanzisha mada, Mbeya

Wakuu, habari za leo. Nina pickup, Land Cruiser 79 ya petroli, injini 1FZ-FE, silinda sita za mstari, lita 4.5. Ugumu wa injini hii wenye nazo wanaujua. Kinachonitesa ni milima. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, na injini inayojivutia hewa yenyewe inapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Dar. Kushuka na viazi hakuna neno. Kurudi na mzigo, pale mlima Kitonga, nakaa nyuma ya malori navuta moshi wao.

Binamu yangu aliyeko Muscat ananishauri nifunge supachaja, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Shemeji yangu wa bima anasema nikifunga nisimtafute. Naleta swali kwenu: mtu aongeze nguvu kwenye gari la zamani na kuingia nalo barabara kuu bila kumuuliza mtu, au likaguliwe upya kwanza? Mimi nasema gari langu, injini yangu.

Binamu, Muscat

Bwana wee, huku Ghuba injini hiyo watu wameichezea miaka, tena kwenye michanga. Bloku ni ya chuma, mgandamizo, yaani hewa inavyobanwa ndani ya silinda, ni 9 kwa 1 tu, kwa hiyo ina nafasi ya kupokea hewa ya ziada. Wala si mambo ya uchochoroni: TRD, mkono wa michezo wa Toyota, waliwahi kuuza supachaja ya injini hiyo hiyo kwa Land Cruiser 80 za Marekani. Australia mwaka 2008 wakatoa Hilux ya V6 lita 4.0 yenye supachaja tangu dukani, kilowati 225 badala ya 175. Kama mwenye kiwanda kafanya, sisi tunaogopa nini?

Fundi, Dar

Mkuu wa Muscat, hiyo Hilux mwaka uliofuata hawakuiuza tena, wateja walikuwa wachache. Lakini tuseme hoja yako imesimama. Kiwanda kinapofunga supachaja kinapanga upya na mafuta na muda wa cheche. Huku kwetu mtu anapata supachaja ya mtumba, mabano yanachomelewa mtaani, mkanda unavishwa, safari. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Nimweleze mwenye mada. Supachaja inazungushwa na krenki, shafti kuu ya injini, kwa mkanda, ndiyo maana nguvu inakuja tangu mzunguko wa chini, jambo zuri sana mlimani. Ila inasukuma ujazo wa hewa, haikuahidi presha. Ile inayosoma presha ya ziada ya bar 0.4 pwani, kwako Mbeya itasoma kama 0.33. Bado unapata hewa nyingi kuliko injini isiyo nayo pale Dar, hilo sikatai.

Sasa, hewa ikiongezeka petroli lazima iongezeke. Nozeli zinazopulizia petroli na pampu ya mafuta vikishindwa kufuata, mchanganyiko unakuwa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, joto linapanda, injini inaanza kugonga, yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya silinda. Na mlio wenyewe hutausikia, kwa sababu uko kwenye gia ya pili, mzigo nyuma, kioo wazi na lori linanguruma pembeni. Utakachokuja kuona ni pistoni iliyotoboka. Injini hii pia ina ugonjwa wake unaojulikana, gasketi inayoziba kati ya hedi na bloku kufa upande wa silinda ya sita, kule nyuma. Kama yako ina kilomita nyingi na hedi haijawahi kufunguliwa, unampandisha mgonjwa mlima.

Pima mgandamizo wa kila silinda, safisha rejeta, jaribu nozeli. Nina hakika nusu ya nguvu unayoitafuta iko humo.

Shemeji wa bima

Nimetajwa, naomba nijibu. Kadi ya gari inaonyesha namba ya injini na ujazo wake. Supachaja haigusi namba wala ujazo, kwa hiyo kwenye karatasi gari linabaki lile lile. Lakini fomu ya bima umejaza wewe, na badiliko kubwa kama hilo unatakiwa ulitaje. Ukinyamaza, siku ya ajali madai yanaweza kukataliwa. Hasara ya gari lako utaibeba mwenyewe, sawa. Na aliyegongwa je? Ndiyo maana "gari langu, injini yangu" siikubali.

Dereva wa lori, Iringa

Mnabishana kupanda, nani kasema habari ya kushuka? Kitonga watu wanakufa wakishuka. Breki za hiyo pickup ni zile zile.

Fundi, Dar

Dereva kagusa penyewe. Mtu aliyezoea kilomita 80 kwa saa akianza kwenda 100, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inazidi kwa zaidi ya nusu, na mzigo ni ule ule.

Kijana, Morogoro

Samahani wakubwa zangu, si auze tu achukue ya dizeli, yenye injini 1HZ, aifunge tabo, kile kisukuma hewa kinachoendeshwa na moshi wa ekzosi?

Fundi, Dar

Mdogo wangu, huo mjadala mwingine. 1HZ inachomea mafuta kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, na ukiizidishia tabo hedi inapasuka humo humo. Ukitaka dizeli yenye tabo tafuta iliyozaliwa nayo.

Binamu, Muscat

Naona fundi hakatai supachaja, anakataa uchafu. Basi tukutane hapo: ikifungwa, mafuta yapangwe kwa kompyuta, kipimo cha mchanganyiko kiwekwe kwenye dashibodi, na breki ziangaliwe. Ukaguzi wa serikali sina imani nao. Nani pale barabarani atajua anachokitazama?

Shemeji wa bima

Asiyejua afundishwe. Magari ya gesi yanafungwa mitungi kwenye karakana zenye kibali, na hakuna anayeona ajabu.

Mwanzisha mada, Mbeya

Nimewasoma wote. Fundi, hiyo kupima mgandamizo unatoza shilingi ngapi, na unaweza kuja Mbeya au nilete gari? Shemeji, fomu nitajaza, acha kunipigia simu. Kuhusu kibali bado sijashawishika. Karakana ya supachaja yenye kibali iko mkoa gani?