Picha moja tu ya mashindano: golikipa, makachu au baiskeli?

Kijana wa Mbagala

Wakuu habari za jioni, naombeni macho yenu. Klabu yetu ya picha hapa Dar ina mashindano ya ndani, mada ni michezo, na wamesisitiza tendo lionekane, sio mtu kasimama na jezi. Kila mmoja picha moja tu, isafishwe kwenye karatasi ya inchi 12 kwa 8, mwisho Ijumaa. Nimezunguka karibu miezi mitatu kila wikiendi nikichuja nikichuja nimebaki na tatu na hapo nimekwama.

Ya kwanza golikipa wa ndondo, uwanja wa vumbi huku kwetu. Kajirusha mwili mzima uko hewani umelala, mpira uko kwenye glavu, vumbi linapanda nyuma ya mguu. Shata (muda kamera inapokea mwanga) ni 1/1600 ya sekunde, kali mpaka mshono wa glavu unauona. Shida nyuma yake kuna jamaa wa fulana ya njano anachezea simu, halafu kuna nguzo ya umeme inatokea kama imeota kichwani kwa golikipa.

Ya pili ni makachu, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani, Forodhani Unguja, jua linazama, vijana watatu wako hewani mmoja kichwa chini miguu juu, wote weusi tii na anga rangi ya chungwa. Hii kila niliyemwonyesha kasema nzuri.

Ya tatu mbio za baiskeli Shinyanga, nilishusha shata mpaka 1/40 nikawa nazungusha kamera pamoja na jamaa anavyopita, yeye katulia na nyuma yote imekuwa mistari. Hii ni moja kati ya kama mia mbili, nilisimama juani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Moyo wangu uko hapa, lakini ukiikuza uso hauna ukali kama wa golikipa. Nipeleke ipi?

Mama Lenzi

Pole na jua mdogo wangu. Lakini hilo jua liweke pembeni kwanza, maana jaji hakuwepo Shinyanga, yeye ataona karatasi tu na ataiona kwa sekunde chache kabla ya kwenda ya pili. Sisemi baiskeli ni mbaya, nasema usiichague kwa sababu ilikutesa.

Na kuhusu ukali usijilaumu bure. Ungempiga yule wa baiskeli kwa 1/1600 spoki zote zingehesabika, angeonekana kapaki barabarani. Baiskeli, pikipiki, gari la rali, vitu vya magurudumu vinahitaji shata ya chini ili gurudumu liyeyuke ndio mtu aone mwendo. Golikipa hahitaji hivyo, kila mtu anajua binadamu hakai hewani kwa hiyo ukimgandisha akili inamalizia yenyewe kwamba ataanguka. Swali la kujiuliza kwenye baiskeli ni moja, jicho linatua wapi? Kama linatua usoni na uso unaonyesha juhudi, inatosha. Kama uso umefichwa na kivuli cha kofia (saa saba mchana hiyo ni kawaida, jua liko utosini) basi umebaki na mistari mizuri tu.

Mtoto wa Mji Mkongwe

Assalaam alaykum. Ndugu yangu mimi nazungumzia ya makachu tu kwa sababu nakaa hapa. Kila jioni pale ukutani Forodhani wamejipanga watu na simu na kamera wanangoja jua lile lile na vijana wale wale waruke, na wote wanaondoka na weusi juu ya chungwa. Nzuri ni nzuri, siikatai. Lakini jaji yeyote wa picha ameshaiona mara nyingi, na wale vijana wana ufundi mkubwa, kila mmoja ana mruko wake, anakimbia vipi, anajikunja vipi, na ukishawafanya vivuli ufundi wote umepotea kabaki mtu yeyote. Ukija tena Unguja njoo mapema, saa kumi hivi, jua liko nyuma yako linawapiga usoni, kaa chini kabisa, umpige yule anayeanza kuacha ukuta, kidole cha mguu bado kimegusa jiwe. Pale unaona uso wake na unaona woga na furaha pamoja. Hiyo ndiyo makachu yenyewe.

Mzee wa Filamu

Vijana. Mimi nilianza wakati filamu ina picha 36 na hakuna kuangalia nyuma ya kamera, kwa hiyo nimezoea kungoja. Nawaambia wakati mwingine picha ya mchezo inakuja baada ya tendo. Ile ya mpiga picha Neil Leifer ya tarehe 25 Mei 1965 pale Lewiston, Marekani, bondia Muhammad Ali kasimama juu ya Sonny Liston mkono umekunjwa anamfokea ainuke, ngumi ilishapigwa zamani, na bado ndiyo dunia inayoikumbuka. Au mtazame John Stephen Akhwari wetu, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, goti limefungwa bandeji anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza. Hakuna kasi pale, hakuna kuruka. Je huna picha ya golikipa baada ya kuinuka?

Mama Lenzi

Shkamoo mzee. Naiheshimu sana hoja yako, ila Akhwari naomba nimtoe hapo, yeye alikuwa bado anakimbia. Kila hatua uliyokuwa unamwangalia hukujua kama ya pili itakuja. Ndiyo maana ile inashika roho, haijaisha. Ali na Liston nakubali, ingawa hata pale Liston alikuwa bado hajainuka na watu hawajui kama atainuka.

Na hapo ndio nimepata jibu la huyu kijana. Umesema mpira uko kwenye glavu. Maana yake kadaka, imeisha, mimi mtazamaji sina cha kungoja. Ulipiga mfululizo si ndio? Rudi nyuma fremu moja au mbili, tafuta ile ambayo mpira bado uko kama shubiri moja kutoka kwenye vidole.

Fundi Simu Tandika

Mi naona asihangaike, ile nguzo na jamaa wa simu avifute kwa programu dakika mbili tu, siku hizi simu yenyewe inafuta.

Mzee wa Filamu

Marahaba mwanangu Mama Lenzi, nimekuelewa, na nakubali.

Wewe Fundi, hapana. Asome kanuni za klabu yake kwanza. Kwenye mashindano ya picha za habari kama World Press Photo huruhusiwi kuongeza wala kuondoa kitu kwa namna hiyo, kukata pembeni ndio inaruhusiwa. Hata kama klabu yake inaruhusu, golikipa kajirusha kwenye vumbi kweli, kwa nini tumtie uongo nyuma yake. Akate pembeni, au atafute fremu nyingine.

Kijana wa Mbagala

Jamani asanteni sana, shkamoo mzee. Nimekesha jana. Nilikuwa nimefuta nyingi kwenye kamera lakini ule mfululizo wa golikipa ulibaki wote, fremu tisa. Nimerudi nyuma mbili kama alivyosema Mama Lenzi na ipo! Mpira haujafika, vidole vimefunguka vyote, macho yako kwenye mpira, mdomo wazi. Mwili haujalala vizuri kama kwenye ile nyingine, mguu mmoja bado uko karibu na ardhi, lakini jamaa wa simu kafichwa na mkono wa golikipa na nguzo imesogea pembeni ya kichwa, naweza kuikata. Nimemwonyesha mama yangu ambaye hafuatilii mpira kabisa, nikamuuliza unaona nini, akaniuliza yeye, "Kaudaka?" Ile nyingine alisema tu "golikipa huyo."

Sasa wasiwasi mmoja, mkono wa mbele umecheza kidogo, una ukungu. Macho ni makali. Na je karatasi itaitoa nyeusi zaidi ya kwenye kompyuta?

Mama Lenzi

Macho makali inatosha, mkono ukicheza kidogo ndio unaonyesha ulikuwa unakwenda. Karatasi kweli hutoka na giza kuliko skrini, ongeza mwanga kidogo hasa usoni, na usafishe ndogo moja ya majaribio kabla ya kulipia kubwa. Nenda kesho, usingoje Ijumaa.