Mjadala: Je, iwe lazima kupima sukari mgonjwa anapoandikiwa dawa zinazopandisha sukari?

Mleta mada, Busia

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili. Naona Wizara ya Afya iweke sharti: mtu yeyote anayeandikiwa dawa inayojulikana kupandisha sukari apimwe kwanza, kisha apimwe tena baada ya wiki chache, awe hospitali ya serikali au kliniki ya mtu binafsi. Najua wengi wenu mnafanya kazi vituoni na mtakuwa na la kusema.

Tukizungumzia kisukari hapa Uganda, maneno huishia kwenye soda, chapati na unene. Mgonjwa anaulizwa anakula nini, haulizwi anameza nini. Kumbe zipo dawa za kawaida kabisa zinazoweza kumtoa mtu kwenye sukari nzuri na kumfikisha kwenye hali ya awali ya kisukari, yaani kipimo cha kabla ya kula kusoma milimoli 6.1 hadi 6.9 kwa lita, kama Shirika la Afya Duniani linavyohesabu. Aliyekuwa tayari hapo, dawa inaweza kumvusha mpaka 7.0, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoanzia.

Inayoniuma zaidi ni prednisoloni. Inasaidia watu wa pumu, baridi yabisi na mizio mikali, sibishi. Lakini inalifanya ini limwage sukari kwenye damu, na misuli nayo inaacha kuitikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari. Shangazi yangu aliipata kwenye kliniki moja ya binafsi kwa ajili ya magoti. Kibahasha cha karatasi kiliandikwa 2x1, basi. Magoti yalipotulia akaendelea kujinunulia. Kiu ilipoanza, na kuamka usiku kwenda haja ndogo mara kwa mara, akasingizia joto. Siku alipopimwa sukari ilikuwa imepita 15, na katika daftari lake la matibabu hamkuwa na mstari hata mmoja unaotaja vidonge vile. Akaambiwa apunguze wali.

Muuguzi, Tororo

Pole kwa shangazi. Nia yako naielewa, ila sharti lako litatuumiza sisi wa chini. Kwenye kituo chetu cha daraja la tatu mashine ya kupimia sukari ipo, vijiti vyake vya kuwekea tone la damu ndivyo havipo. Boksi likiisha hatujui lijalo litafika lini, na vichache vinavyobaki tunamwekea mtu aliyeletwa hajitambui au mama mjamzito. Sasa nieleze: mtoto wa pumu kaletwa usiku kwa bodaboda, mbavu zinaingia ndani, nimnyime prednisoloni kwa sababu sina kijiti? Sheria isiyokuja na vifaa inamgeuza muuguzi kuwa mkosaji.

Msomaji, Kampala

Bajeti ya vijiti ataitoa nani? Mwenye mada hajagusa hapo.

Anayeishi na VVU, Kampala

Mimi natumia TLD, kidonge cha ARV chenye dawa ya dolutegraviri ndani yake, na hofu yangu ni tofauti na ya muuguzi. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere walichapisha takwimu zao: kati ya watu 3,417 waliotumia dolutegraviri, 16 walipata sukari ya juu, na kati ya 3,230 waliokuwa kwenye dawa nyingine alipata mmoja tu. Tofauti ipo, tena ni kubwa, wala haifai kufichwa. Lakini 16 kati ya watu zaidi ya elfu tatu haifiki hata watano kwa kila elfu moja, na dawa hii imewashushia virusi wengi wetu mpaka havionekani kwenye kipimo.

Nimekuwa kwenye kikundi chetu cha wagonjwa muda mrefu. Neno moja la redioni likisema "ARV zinaleta kisukari", wapo watakaotupa vidonge chooni wiki hiyo hiyo. Nipimeni, nataka sana kupimwa. Ila lisemwe kliniki, uso kwa uso, na mtu anayenijua, na aniambie kwanza kwamba nisiache dawa.

Mfamasia, Arua

Naomba tusizitie hizi dawa zote kapu moja. Statini za kolesteroli zinapandisha sukari kidogo sana: uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya majaribio 13 uligundua kwamba watu 255 wakitibiwa kwa miaka minne, anaongezeka mgonjwa mmoja wa kisukari. Mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo asiiache kwa sababu hiyo. Bendrofluazidi ya presha nayo hupandisha kwa kiasi, hasa dozi ikiwa kubwa, kwa kuwa inapunguza potasiamu mwilini na kongosho likiishiwa na potasiamu hutoa insulini kidogo. Olanzapini ya magonjwa ya akili ina nguvu kuliko hizo, maana inaongeza na uzito.

Prednisoloni ina ujanja wake. Ukiimeza asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni, usiku hushuka. Mgonjwa akija alfajiri hajala, mashine inaweza kusoma 5.2 akaambiwa yuko salama. Apimwe zikipita saa mbili baada ya chakula cha mchana. Na aliyeitumia kwa wiki nyingi asiikate ghafla, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza kotisoli yake, homoni inayofanana na dawa hiyo, na anaweza kuanguka. Ipunguzwe polepole chini ya daktari.

Jingine ambalo halitajwi: dolutegraviri huongeza kiwango cha metfomini, dawa ya kisukari, kwenye damu. Anayetumia zote mbili kwa kawaida asizidishe miligramu 1,000 za metfomini kwa siku. Wagonjwa wanachukua moja kliniki ya VVU na nyingine kliniki ya sukari, na kliniki hizo mbili hazizungumzi.

Tena maduka madogo ya dawa, yale ya leseni ya daraja C, hayaruhusiwi kuuza prednisoloni. Sharti jipya litafanya nini ikiwa lililopo halishikwi?

Mleta mada, Busia

Nimewasikia. Muuguzi, mtoto wa pumu apewe dawa saa hiyo hiyo, hapo sina ubishi. Basi niligawe sharti langu. Kipimo kiwe cha lazima kwa anayeanza prednisoloni ya muda mrefu na kwa mwenye presha, unene au ndugu wa kisukari. Lakini kumwambia mgonjwa kwamba dawa hii inaweza kupandisha sukari, akikojoa sana na kiu isiyokatika arudi, na kuiandika dawa kwenye daftari lake, hilo liwe lazima kwa wote kuanzia kesho. Halihitaji kijiti, linahitaji kalamu. Shangazi angeambiwa hivyo angerudi mapema.

Kuhusu bajeti, mwenye kliniki anayelipwa na mgonjwa anunue vijiti mwenyewe. Vya serikali vije na dawa, kwenye gari moja.

Muuguzi, Tororo

La daftari nalikubali, na nitaanza nalo. La kupima mchana bado linanitatiza. Kliniki ya sukari hapa ni asubuhi moja kwa wiki, na watu wametoka mbali. Nani atakaa hapa mpaka saa nane akisubiri kijiti ambacho huenda hakipo? Mfamasia, kama Arua mmepata njia, ielezeni hapa.