Mama kateleza kagonga kisogo ila yupo sawa: nimpeleke leo au nisubiri Jumatatu?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu (miaka 61) kateleza bafuni saa nane mchana, kagonga kisogo ukutani. Hakuzimia, hajatapika, hana jeraha, ni nundu tu. Nimemkanda na barafu, nikampa dawa ya maumivu, sasa amejilaza. Jirani anasema asilale. Leo Jumamosi, na Jumatatu ana kliniki yake, nafikiri niunganishe hukohuko. Naombeni ushauri.

Bi Tausi: Pole kwa mama. Vigae hivyo! Watu wanachagua vinavyong'aa, tone la sabuni tu mtu yuko chini. Vya bafuni viwe vya kukwaruza, na pachika bomba la kushikia ukutani kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye tofali. La gundi linang'oka siku unayolihitaji.

Mzee wa Kaptula: Asilale hata kidogo. Mpe kahawa chungu.

Zamu ya Usiku: Mzee, kahawa acha. Kulala hakudhuru, kinachotisha ni mtu kupoteza fahamu taratibu huku nyumbani wanadhani amesinzia. Kwa kawaida mtu mzima aliyegonga kichwa hakai peke yake saa 24 za kwanza, na usiku anaamshwa kila baada ya saa mbili: ataje jina lake, aseme yuko wapi, abane vidole vyako kwa mikono yote miwili. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20, basi. Sasa mleta mada nijibu: dawa ya maumivu ipi? Na kliniki ni ya nini?

Kijana wa Mbagala: Diklofenaki, kidonge kimoja cha 50. Kliniki ni ile ya kila mwezi, presha na mambo ya moyo.

Chumvi Nyingi: "Mambo ya moyo" ndiyo yapi? Kaachwa?

Zamu ya Usiku: Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Ndiyo au hapana.

Kijana wa Mbagala: Ndiyo, wafarini. Aliwekewa valvu ya chuma pale Taasisi ya Moyo, Muhimbili. Lakini anaimeza miaka mingi bila shida, na kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa safi. Tena ya jioni hii nimemzuia asimeze, nimeona ndiyo tahadhari. Usiku usafiri mgumu, foleni ya dharura tunaijua, na skani ni hela.

Zamu ya Usiku: Basi ule ushauri wa kumwangalia nyumbani haumhusu mama yako. Mshipa mdogo ukipasuka ndani ya fuvu, wengine damu yao huganda mapema. Mwenye wafarini anaweza kuvuja polepole kwa saa nyingi, na wewe nje unaona nundu. Nundu iko juu ya mfupa, haikuambii lolote la ndani. Anahitaji CT ya kichwa (hiyo skani) leo, hata akiwa anapiga soga. Wakikupa eksirei ya fuvu usiridhike: inaonyesha mfupa, damu haionyeshi.

Diklofenaki usirudie. Inapunguza nguvu ya chembe zinazoziba mshipa, ukichanganya na wafarini ni hatari juu ya hatari. Ibuprofeni na aspirini vilevile. Na kuhusu kumzuia dozi: wafarini inakaa mwilini siku kadhaa, kuruka cha leo hakuzuii damu ya leo. Ukizoea kuruka, valvu ya chuma inashika bonge la damu, likichomoka linakwenda kwenye ubongo. Aruke au asiruke ataamua daktari akishaona INR, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Kuna dawa yoyote mpya wiki hii?

Kijana wa Mbagala: Flagyl, tangu Jumanne. Kanunua duka la dawa. Ila hiyo ni ya tumbo tu, jamani.

Zamu ya Usiku: Flagyl inalizuia ini kuvunja wafarini, kwa hiyo wafarini inapanda mwilini ingawa dozi ni ileile. Septrini nayo ndiyo hivyohivyo. Kipimo cha mwezi uliopita kisahau.

Chumvi Nyingi: Ngoja kwanza. Kulikuwa na nundu, ikaja kliniki, ikaja valvu, sasa Flagyl. Kila akibanwa kinatoka kipya. Wakuu, hii chai, tena sukari imezidi.

Mzee wa Kaptula: Hata mimi nimenusa tangawizi.

Kijana wa Mbagala: Kunyweni basi. Mama ameamka ananiuliza kisogo kinamuuma kwa nini. Nimemwambia, muda kidogo kaniuliza tena. Na anasema mchana alikula wali, wakati hajagusa kitu tangu asubuhi.

Chumvi Nyingi: Mnaona? Mwanzo yupo sawa, sasa hakumbuki. Hadithi inajipinga.

Zamu ya Usiku: Haijipingi, mgonjwa ndiye anabadilika. Kurudia swali lilelile saa kadhaa baada ya kuanguka ni dalili, na ukiiona huhesabu hela kwanza. Tafuta gari, bodaboda hapana. Akae ameegemea, kichwa juu kidogo. Akitapika au akilegea, mlaze ubavu. Asile wala asinywe, huenda akahitaji upasuaji. MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, wanafanya upasuaji wa ubongo, na Taasisi ya Moyo iko eneo hilohilo. Beba kadi ya kliniki na dawa zote kwenye paketi zake. Andika saa aliyoanguka, saa ya wafarini ya mwisho na saa ya diklofenaki. Ukifika usianze na bafuni, anza hivi: "Anatumia wafarini, ana valvu ya chuma, amegonga kichwa, amechanganyikiwa." Wakikuta damu, zipo njia za kurudisha ugandaji, vitamini K mojawapo, ila kwa mwenye valvu wanapima kwa uangalifu.

Kijana wa Mbagala: Jirani anawasha gari. Flagyl nayo nibebe?

Zamu ya Usiku: Nayo. Na CT ikiwa safi bado uliza INR ni ngapi kabla hamjatoka. Kuna damu inayojikusanya wiki mbili tatu baadaye: kichwa kinazidi kuuma, mguu unaburuta, usingizi hauishi. Akiwa hivyo mrudishe.

Bi Tausi: Beba na kanga za kubadilisha, na shuka.

Chumvi Nyingi: Haya, tuseme ni kweli. Babu anameza aspirini ya 75 peke yake, yeye akigonga?

Zamu ya Usiku: Aspirini peke yake uzito wake ni mdogo kuliko wafarini. Ana miaka mingapi?

Chumvi Nyingi: 78.

Zamu ya Usiku: Kuanzia 65 umri wenyewe unatosha kumpeleka akaonwe siku hiyohiyo. Na kama kaongezewa klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mtaje na hiyo.