Tupeane uzoefu: kamio (lori) la dizeli limegoma asubuhi, batri zimelala

Shofa wa Kenya (Kenya ya hapa Lubumbashi, si ile ya Nairobi)
Bandugu, salama? Juzi nilikuwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku ya tatu. Baridi ya mwezi wa saba munaijua. Usiku redio inaimba, taa ya ndani inawaka, simu mbili kwenye chaji. Asubuhi mstari unasogea, nageuza ufunguo: tik-tik-tik-tik. Basi. Wa nyuma wakanipigia honi mpaka nikatamani kujificha chini ya tela. Nikalipa vijana wenye nyaya, likawaka. Nyinyi yamewapata? Mlijuaje kama ni batri, alternateri (inayochaji batri) ama demareri (stata, mota ya kuwasha injini)?

Fundi Katuba
Mdogo wangu, tik-tik ya haraka ni umeme mdogo, ama kose, vile vichwa vya nyaya kwenye batri, zimeota kutu. "Tak" moja nzito halafu kimya, na taa bado kali, hapo angalia demareri.

Lakini usinunue kitu kabla ya kupima. Kamio ni volti 24, batri mbili za 12 zimefuatanishwa. Gari lilale usiku kucha, kisha pima kila batri peke yake. 12.6 imejaa, 12.0 iko karibu kuisha. Madereva wananiletea gari, wanasema "mita inaonyesha 24, batri nzima." Papa, 24 kamili gari likiwa limelala ni batri tupu! Zilizojaa zinasoma 25.2 hivi.

Halafu konvoyeri, msaidizi wako, apige stata wewe ukitazama mita. Moja ikianguka chini ya 9.5 na mwenzake amesimama, umempata mgonjwa. Injini ikiwaka, jumla ipande mpaka 28 hivi. Ikibaki 25, angalia mkanda, kisha alternateri.

Mama Matela
Mimi si fundi, mimi ni mwenye kulipa. Batri nilinunua mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Kumbe aliyetufungia redio aliichukulia umeme kwenye batri moja tu, sababu redio ni ya volti 12. Hiyo moja inakufa njaa, nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Tulifunga kigeuzi cha kushusha 24 kuwa 12, tukabadilisha batri zote mbili pamoja. Mpya na mzee hawafungwi nira moja.

Kijana wa Ruashi
Langu lilikuwa linalala Jumamosi, Jumatatu limekufa. Tulifungua waya wa hasi, tukaweka mita ya ampea katikati ya waya na batri, kila kitu kimezimwa. Ampea 3! Toka Jumamosi mchana mpaka Jumatatu alfajiri ni saa kama 40, yaani ampea-saa 120. Tukatoa fuzi moja moja, namba haishuki. Tulipofungua waya mnene wa alternateri ikaanguka karibu na sifuri: diodi zake, zinazopaswa kupitisha umeme upande mmoja tu, zilikuwa zinarudisha umeme usiku. (Msipige stata mita ikiwa hapo katikati. Yangu iliungua, nilikuwa na haraka.)

Dereva wa Likasi
Langu hata batri haikuwa. Ilikuwa masi, ule waya wa kutoka injini kwenda kwenye chasi, umeoza ndani ya plastiki. Pima kati ya nguzo ya hasi na bloku ya injini wakati wa kupiga stata: ikipita nusu volti, waya ni mbovu. Mimi nilikuta 2. Na tafadhali, msiwashe kamio kwa batri moja ya taksi. Hiyo ni 12.

Shofa wa Kenya
Nimepima leo asubuhi. Moja 12.5, nyingine 11.4. Nikafuata waya wa redio kwa mkono, umeenda moja kwa moja kwenye ile ya 11.4. Mama Matela, hapo umenikamata. Konvoyeri anacheka tu, kumbe ndiye aliyeufunga.