Kikundi: SAFARI YA PALERMO (msitoke!!)

*Ijumaa*

Mwana: Assalamu alaikum wote. Nimeuliza tangu Jumatatu hakuna anayejibu sasa nimeamua mwenyewe. Fuadi anahitimu chuo huko Palermo, Italia, anavaa taji lake la majani tarehe 13 Julai, 14 usiku ndio Festino ya Santa Rosalia, mji mzima uko barabarani, kwa hivyo hiyo 14 tunakula nje kutwa. Asubuhi soko la Ballarò jua halijachoma, tunaanza na panelle, unga wa dengu unapikwa na maji kama uji, unatandazwa, ukiganda unakatwa unakaangwa unatiwa ndani ya mkate wa simsim, kisha tunapita soko la Capo, mchana pasta ya sadini, jioni tunashuka Cassaro, barabara yao kuu ya zamani, kungoja gari la huyo mtakatifu wao. Nani yuko nani hayuko???

Rukia: 👍

Saidi: Panelle ni bhajia zilizosoma Ulaya 😂😂

Mwana: Saidi nimekuuliza unakuja au huji

Saidi: Nakuja kula konokono. Fuadi kaniambia sikukuu hiyo wanakula konokono

Rukia: Yallah!! Konokono? Fuadi wewe umekula?

Fuadi: Mama 🙊

Fuadi: Wanaitwa babbaluci, vidogo, vinapikwa na thomu, watu wanavifyonza hapohapo barabarani. Lakini usiku huo kuna tikitimaji pia, mahindi ya kuchemsha, dengu za kukaanga na mbegu za maboga. Njaa haipo

Rukia: Hujanijibu

Mwana: Sitaki konokono kwenye mpango. Fuadi, na ile mikate ya nyama wanayoisifu?

Fuadi: Pani ca meusa. Bandama na mapafu ya ndama, vinachemshwa vinakatwa halafu vinakaangwa. Shida mamkubwa ni mafuta, ni ya nguruwe, hiyo hapana. Arancine nazo, madonge ya wali ya kukaanga, ile ya nyama mara nyingi imechanganywa na ya siagi ina nguruwe ndani. Cannoli, vile vitamu vya jibini, ganda lake la asili ni mafuta hayohayo na mvinyo wa Marsala juu yake. Mimi huuliza tu "c'è strutto?", yaani kuna mafuta ya nguruwe, wameshanizoea, wengine wakiniona wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo

Saidi: Kwa hivyo nauli yote hiyo tumebaki na bhajia

Fuadi: Hapana mjomba. Caponata ipo, mabiringani kwa siki na sukari. Pasta con le sarde ina shamari ya mwituni, zabibu kavu na zafarani, ukiila utadhani kaipika mtu wa kwetu kakosa mchele. Granita ya ndimu. Na gelo, hiyo ni tikitimaji linapikwa na wanga linaganda, wanatia na yasmini

Rukia: Yasmini kwenye chakula? Hiyo nitakula

Saidi: Na yale maji yao je, niliona video mtu anatia matone mawili maji yanageuka meupe

Fuadi: Ni anisi, zammù. Pombe hiyo mjomba hata ikiwa matone

Saidi: Nimeuliza tu

Rukia: Kama ulivyoliuliza tu lile sufuria la mama

Mwana: Jamani.

Saidi: Sufuria nililirudisha, nimesema miaka yote hii. Muulizeni aliyekuwa amekaa mlangoni

Rukia: Aliyekuwa mlangoni ameshakufa Saidi ndio maana unamtaja yeye

Saidi: *Ujumbe huu umefutwa*

Rukia: Nimeshausoma

Mwana: Hiki si kikundi cha sufuria!! Nataka hela za nyumba kabla ya Jumapili, Julai vyumba vinakwisha, mwenye nyumba kanishikia mpaka Jumatatu na keshanipigia mara mbili na Kiitaliano changu cha Bergamo haelewi na chake cha huko mimi sielewi, tumeni hela

*Jumamosi*

Swaleh: Samahanini nilikuwa kazini. Nimesoma yote. Mnakwenda Palermo mnazungumza bhajia, na Al-Idrisi, yule mwanajiografia, alikaa mji huohuo kwa mfalme Roger, kitabu chake kilikamilika 1154, humo kaitaja Malindi na Mombasa yetu. Na kaandika pia kwamba Trabia, hapo karibu tu, walikuwa wanatengeneza itriyya kwa wingi na kuzipeleka nchi za Waislamu na za Wakristo. Ndio tambi hizo

Saidi: Sasa tambi tuwalipe au watulipe 😂

Mwana: Swaleh hela umetuma?

Mwana: Swaleh?

Ami Nassor: ASALAM ALEKUM. NIMESOMEWA MANENO YENU. MTOTO KAKAA MIAKA YOTE HIYO PEKE YAKE ANAJIPIKIA. AKIMALIZA HAPELEKWI KUSIMAMA NJIANI NA MKATE MKONONI. CHAKULA CHA KWANZA ATAPIKA MAMA YAKE. MENGINE BAADAYE. NA LILE SUFURIA LILIKUWA LA MKE WA NDUGU YANGU LISITAJWE TENA HAPA

Rukia: Sawa Ami

Saidi: Sawa Ami

Fuadi: Sawa Babu 🙏

Mwana: Sawa Ami, tumesikia

Mwana: Ila jamani nyumba niliyoshika haina jiko. Ina friji na birika la umeme. Yenye jiko ni ghali zaidi, tofauti analipa nani

Fuadi: Na kwangu hapafai mamkubwa, jiko lina moto mbili na mmoja hauwaki, tena tuko vijana wanne. Nyama ya halali ipo Ballarò, na mchele wa pilau kwa Wabangladeshi hapohapo

Mwana: Kwa hivyo Ballarò tunakwenda kununua, hatuendi kula

Rukia: Tukinunua tutakula panelle, hizo Ami hakuzikataza

Saidi: Kasema njiani na mkate mkononi

Rukia: Tutakaa kitako

Mwana: Ami, panelle je? Tukikaa kitako?

*Jumapili*

Swaleh: Visa ya Ami imetoka?

Rukia: Bado

Swaleh: Sasa tunabishana nini

Mwana: Hela iliyoingia ni ya mtu mmoja na si nyinyi mnaopiga kelele. Mwenye nyumba anataka jibu kesho asubuhi, jiko au bila jiko. Saidi naona unaandika, unaacha, unaandika. Saidi?