Redio za upepo: kuna mtu anatusikiliza

MlinziMkuu: Wakuu, nasimamia walinzi 14, maghala mawili, Kariakoo na Vingunguti. Juzi kijana wangu kasema kwenye redio ya upepo (hizi za mkononi za kuongelea) "mzigo unatoka saa nne", ikadakia sauti nisiyoijua: "Sawa bosi, tunausubiri!" Nilihisi baridi. Fundi alituwekea kodi ya siri (si ile ya TRA), sasa imekuwaje?

Mzee wa Antena: Fundi kakuuzia jina tu. Hiyo kodi ni mlio mnene unaopita chini ya sauti, unafungua spika zenu. Inawazuia nyie kusikia wengine, haiwazuii wengine kuwasikia.

binti_temeke: Tafuta redio za dijitali zenye AES ya biti 256, yaani njia ya kuficha mazungumzo. Sauti inageuzwa namba, namba zinavurugwa kwa ufunguo mliouweka kwenye redio zenu. Asiye nao anaambulia mikwaruzo. Atajua mnaongea, ila si mnaongea nini. Masafa muombe TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na redio ikipotea, badilisheni ufunguo kwenye zote siku hiyohiyo.

MlinziMkuu: Ikipotea? Moja ilisahaulika kwenye daladala la Gongo la Mboto mwezi wa tatu.

Mzee wa Antena: Basi ndiye huyo anayekuita bosi 😂